Kesi za Wabaha'i wa Iran: Sauti ya nani husikika Tehran?

NOVEMBA 21, 2022, wanawake wawili, mmoja wa miaka 69 na mwingine wa miaka 60, walisimamishwa mbele ya jaji wa Mahakama ya Mapinduzi mjini Tehran. Shauri lao lilisikilizwa kwa takriban saa moja. Wiki chache baadaye ikafahamika kuwa kila mmoja amehukumiwa kwenda jela miaka 10.

Kwa mtu asiyefuatilia habari za Iran, hukumu hiyo ingeweza kupita kama nyingine nyingi zilizotolewa katika miezi ile ya maandamano yaliyofuatia kifo cha Mahsa Amini. Lakini Mahvash Sabet na Fariba Kamalabadi hawakuwa wageni kizimbani. Walikwisha kutumikia kifungo kingine cha miaka 10 kila mmoja, wakatoka mwaka 2017, na walipokamatwa tena Julai 31, 2022 walikuwa hawajatimiza hata miaka mitano uraiani. Kwa mujibu wa Jumuiya ya Kimataifa ya Wabaha'i, jaji aliwakemea kwa kuwa kifungo cha kwanza hakikuwafunza.

Wanawake hao ni waumini wa dini ya Baha'i, na katika mara zote mbili kesi zao zilizua malalamiko kutoka serikali za Magharibi, mashirika ya haki za binadamu, vyuo vikuu na waandishi wa vitabu. Malalamiko hayo hayakuzuia kifungo cha kwanza wala cha pili. Ndiyo maana swali ambalo limekuwa likiulizwa tangu miaka ya 1980 limerudi tena: je, sauti zinazopazwa kutoka nje humsaidia mtu aliyeko kizimbani, au humzidishia balaa?

Historia ya miaka 70 iliyopita inaonyesha kwamba jibu hutegemea zaidi nani anayesema kuliko ukali wa maneno yake. Kwa upande huo, nchi za Afrika Mashariki zina nafasi ambayo wengi hawaifikirii.

Dini ya Baha'i haikuingia Iran kutoka ng'ambo. Ilizaliwa humo humo katikati ya karne ya 19. Mtangulizi wake, anayejulikana kwa jina la Báb, aliuawa kwa kupigwa risasi hadharani mjini Tabriz mwaka 1850. Mwanzilishi wake, Bahá'u'lláh, alifukuzwa nchini, akahamishwa mji hadi mji na dola ya Uthmaniya, na mwaka 1868 akafikishwa akiwa mfungwa katika ngome ya Akka, pwani ya Palestina. Alifariki karibu na mji huo mwaka 1892. Akka na jirani yake Haifa sasa zimo ndani ya Israel, na huko ndiko yaliko makaburi matukufu na makao makuu ya dini hiyo.

Tarehe hizo zina uzito wake. Taifa la Israel liliundwa mwaka 1948, miaka 80 baada ya mfungwa huyo kushushwa Akka na askari wa dola ya Kiislamu. Hata hivyo, juu ya ajali hiyo ya historia ndipo lilipojengwa shtaka linalorudiwa katika karibu kila kesi kubwa ya Wabaha'i, yaani ujasusi kwa niaba ya Israel. Barua ya muumini kwenda Haifa, au mchango wake, husomwa kuwa mawasiliano na adui.

Serikali ya Iran kwa upande wake imekuwa ikisema kwamba hakuna mtu anayefungwa kwa sababu ya imani yake, na kwamba Wabaha'i wanaoshitakiwa hushitakiwa kwa makosa ya usalama wa taifa. Kwa maelezo ya Tehran, Ubaha'i ni kundi la kisiasa lililoundwa na wakoloni, wala si dini. Katiba ya nchi hiyo, katika ibara ya 13, inawatambua Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo pekee kuwa wachache wa kidini. Wabaha'i, ambao wanakadiriwa kufikia 300,000 na ndio kundi kubwa zaidi la wasio Waislamu nchini humo, hawamo.

Lakini katiba hiyo hiyo ina mambo mengine. Ibara ya 23 inakataza kuhoji itikadi za watu na kusema kwamba mtu asisumbuliwe kwa sababu tu ya kuwa na imani fulani. Ibara ya 37 inamhesabu mtu kuwa hana hatia hadi mahakama ithibitishe vinginevyo. Ibara ya 165 inataka mashauri yasikilizwe hadharani, na ya 168 inataka makosa ya kisiasa yasikilizwe mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Zaidi ya hayo, Iran iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1975, na serikali ya mapinduzi haijajitoa humo. Kwa hiyo anayelalamikia kesi hizi hahitaji kwenda na sheria za Ulaya mkononi. Vipimo vimo katika vitabu vya Tehran yenyewe.

Kesi ya viongozi saba

Vipimo hivyo vilijaribiwa katika kesi ya viongozi saba wa jumuiya hiyo, ambayo hadi leo ndiyo inayofahamika zaidi duniani. Mahvash Sabet alikamatwa Mashhad Machi 5, 2008. Wengine sita, Fariba Kamalabadi, Jamaloddin Khanjani, Afif Naeimi, Saeid Rezaie, Behrouz Tavakkoli na Vahid Tizfahm, walichukuliwa majumbani mwao Tehran alfajiri ya Mei 14 mwaka huo.

Walikuwa watu wa kawaida wenye kazi zao. Sabet alikuwa mwalimu na mkuu wa shule hadi alipofukuzwa kazi baada ya mapinduzi ya 1979. Kamalabadi ni mwanasaikolojia, Tizfahm mpimaji wa macho, Rezaie mhandisi wa kilimo, na Khanjani alikuwa na kiwanda cha matofali. Kamati yao, iliyoitwa Yaran, maana yake marafiki, ilishughulikia ndoa, talaka, mazishi na elimu ya watoto wa waumini, kwa kuwa uongozi rasmi wa jumuiya haukuwapo tena. Wajumbe tisa wa baraza la taifa la Wabaha'i walitekwa Agosti 21, 1980 na hawajaonekana tena. Wanane kati ya waliochukua nafasi zao waliuawa Desemba 27, 1981. Mwaka 1983 serikali ikapiga marufuku mabaraza yote, na jumuiya ikayavunja.

Yaran haikufanya kazi kwa siri. Maofisa wa serikali waliifahamu kwa miaka mingi, wakawa wakiwaita wajumbe wake na kuwahoji. Ni vigumu kueleza ni mtandao wa namna gani wa kijasusi ambao viongozi wake hufika katika ofisi za usalama wanapoitwa, wakajieleza, kisha wakarudi nyumbani.

Wakili wao mkuu alikuwa Shirin Ebadi, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2003. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mawakili hawakuruhusiwa kuonana na wateja wao ipasavyo wala kuliona jalada. Ebadi alipolisoma, alisema hadharani kwamba hakukuta ushahidi wa makosa yanayotajwa. Naye alikwisha kuanza kuandamwa: kituo chake cha haki za binadamu kilifungwa na polisi Desemba 2008, na mwenzake, wakili Abdolfattah Soltani, alikamatwa Juni 2009. Kesi ilipoanza Januari 12, 2010, Ebadi alikuwa nje ya nchi.

Jaji alikuwa Mohammad Moghiseh wa tawi la 28 la Mahakama ya Mapinduzi, ambaye baadaye aliwekewa vikwazo na Umoja wa Ulaya na Marekani, na ambaye aliuawa kwa risasi ndani ya jengo la Mahakama Kuu mjini Tehran Januari 18, 2025. Mashtaka yalikuwa ujasusi, propaganda dhidi ya dola, na lile la kueneza ufisadi katika ardhi, ambalo adhabu yake huweza kuwa kifo. Baada ya vikao vichache, ambavyo vya mwisho vilifanyika katikati ya Juni, hukumu ilijulikana Agosti 2010: miaka 20 kwa kila mmoja.

Yaliyofuata yanaonyesha jinsi mahakama hizo zinavyofanya kazi. Septemba 2010 mahakama ya rufaa iliondoa baadhi ya mashtaka, ukiwamo ujasusi, na kuteremsha adhabu hadi miaka 10. Machi 2011 miaka 20 ikarudishwa. Baadaye, kwa kutumia kanuni mpya ya adhabu iliyopitishwa mwaka 2013, ikawa 10 tena. Wafungwa wenyewe waliyajua mabadiliko hayo kwa kusikia tu, wala si kwa kukabidhiwa nakala za hukumu.

Kelele zilizosaidia na zilizoshindwa

Iran imeshitakiwa mbele ya dunia kwa ajili ya Wabaha'i tangu enzi za Mfalme. Mwaka 1955, katika mwezi wa Ramadhani, mhubiri Mohammad-Taqi Falsafi aliruhusiwa kutumia redio ya taifa kuwachochea watu dhidi yao. Jeshi likatwaa makao yao mjini Tehran, na kuba la jengo hilo likabomolewa kwa sururu huku majenerali wakishiriki. Mashamba yalichomwa, watu wakauawa mikoani.

Wabaha'i wa nchi nyingine walimiminia serikali ya Mfalme simu za maandishi, na shauri likafikishwa Umoja wa Mataifa. Katibu Mkuu, Dag Hammarskjöld, alilifikisha kwa wajumbe wa Iran waliokuwa Geneva, bila hotuba kubwa. Ghasia zikapungua. Sababu haikuwa fumbo, kwani serikali ya Mfalme ilikuwa ikitegemea sana misaada na sifa njema kutoka nje, na haikutaka kuonekana ni ya kishenzi.

Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoingia katika habari hii. Wabaha'i walikuwa wamekusudia kujenga hekalu Tehran. Baada ya mashambulizi yale, kiongozi wao wa wakati huo, Shoghi Effendi, alitangaza mwaka 1955 kwamba hekalu litajengwa Kampala badala yake. Jengo hilo lenye kuba la kijani juu ya kilima cha Kikaya lilifunguliwa Januari 1961, na wakazi wa jiji hilo huliona kila siku, pengine bila kujua kwamba lisingekuwapo kama sururu zisingeinuliwa Tehran. (Uganda nayo, kwa haki ya kusema yote, iliwahi kuipiga marufuku dini hiyo mwaka 1977, chini ya Idi Amin.)

Mambo yalikuwa tofauti kabisa mwaka 1983. Wabaha'i 22 walikuwa wamehukumiwa kifo mjini Shiraz, na Mei 22 Rais Ronald Reagan wa Marekani akatoa wito hadharani wa kuwaokoa. Siku chache baadaye Ayatollah Khomeini alijibu kwa hoja iliyo rahisi: kutetewa na Reagan ndiko kunakothibitisha kwamba watu hao ni majasusi. Juni 16 wanaume sita walinyongwa. Usiku wa Juni 18 wakanyongwa wanawake 10, mmoja baada ya mwingine. Mdogo wao, Mona Mahmudnizhad, alikuwa na miaka 17, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kuwafundisha watoto madarasa ya dini.

Haiwezekani kusema kwamba wito wa Reagan ndio uliowaua. Hukumu zilikwisha kutolewa, na zaidi ya Wabaha'i 200 waliuawa katika miaka ya mwanzo ya mapinduzi, wengi wao bila rais yeyote kuwataja. Linaloweza kusemwa ni kwamba wito wa adui uliwapa watawala hoja waliyokuwa wakiihitaji mbele ya wananchi wao.

Hata hivyo, miaka iliyofuata haiungi mkono wale wanaodai kwamba kelele zote ni bure. Maazimio ya Umoja wa Mataifa yalirudiwa mwaka baada ya mwaka, wajumbe maalumu wakateuliwa, na idadi ya waliokuwa wakinyongwa ikashuka hadi kukaribia kukoma. Wa mwisho kunyongwa kwa amri ya serikali anayejulikana sana ni Ruhollah Rowhani, mjini Mashhad, Julai 1998.

Kilichochukua nafasi ya kitanzi kimeelezwa katika waraka wa siri wa Februari 1991 ulioandaliwa na Baraza Kuu la Mapinduzi ya Utamaduni na kuidhinishwa na Ayatollah Khamenei. Waraka huo ulifichuliwa mwaka 1993 na mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Reynaldo Galindo Pohl. Unaagiza Wabaha'i watendewe kwa namna itakayozuia maendeleo yao, wafukuzwe vyuo vikuu wakitambulika, na wanyimwe kazi wakijitambulisha. Lakini unaongeza pia kwamba wasikamatwe wala wasifungwe bila sababu.

Maneno hayo mawili, bila sababu, ndiyo yanayoeleza kesi za leo. Dola iliyojua kwamba inatazamwa iliacha kuua waziwazi ikaanza kutafuta sababu, na kiwanda cha sababu ni mahakama. Ndiyo maana mwanamke anayewafundisha wasichana huitwa mhatarishi wa usalama wa taifa, na walimu wa chuo cha Wabaha'i kilichoanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya vijana waliofungiwa milango ya vyuo vikuu walivamiwa Mei 2011, saba kati yao wakahukumiwa vifungo vya miaka minne hadi mitano. Mjini Isfahan, Oktoba 2024, wanawake 10 walihukumiwa kwa pamoja jumla ya miaka 90.

Aidha, ipo kanuni inayoyafanya mashauri hayo yawe magumu hata kwa wakili hodari. Nyongeza ya kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliyoanza kutumika mwaka 2015, inamtaka mshitakiwa wa makosa ya usalama, katika hatua ya upelelezi, achague wakili kutoka orodha iliyoidhinishwa na mkuu wa mahakama za nchi. Kwa maneno mengine, anayekushitaki ndiye anayekuchagulia wa kukutetea.

Anayesikilizwa

Waliowaudhi zaidi watawala hawakuwa wanasiasa wa Washington. Walikuwa Wairan. Mei 2008, wiki moja tu baada ya viongozi wale sita kukamatwa, Ayatollah Hossein-Ali Montazeri, ambaye aliwahi kuteuliwa kumrithi Khomeini, alitoa fatwa kwamba Wabaha'i, ingawa si watu wa kitabu, ni raia wenye haki ya ardhi na maji ya nchi hiyo na wanastahili huruma ya Kiislamu. Mwaka 2009 zaidi ya wasomi na waandishi 200 wa Kiirani walitia saini barua ya wazi wakisema wanaona aibu kwa kunyamaza kwao. Aprili 2014 Ayatollah Abdol-Hamid Masoumi-Tehrani aliandika kwa hati ya nakshi maneno kutoka maandiko ya Wabaha'i na kuwapa zawadi.

Kisa kilichotikisa zaidi ni cha Mei 2016. Kamalabadi alipewa likizo ya siku tano kutoka gerezani, na Faezeh Hashemi, binti wa rais wa zamani Akbar Hashemi Rafsanjani, alikwenda kumsalimu nyumbani. Wawili hao walikuwa wamefahamiana jela ya Evin, ambako Hashemi naye alifungwa. Picha ya ziara hiyo iliposambaa, viongozi wa dini na wa mahakama walikuja juu, na baba mtu mwenyewe akalazimika kusema kwamba binti yake amekosea. Kikombe cha chai kati ya majirani wawili wa jela kilionekana kuwa hatari kuliko azimio la Bunge la Ulaya, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwamba binti wa Rafsanjani ni wakala wa Israel.

Mfano mwingine umetoka Yemen. Mbaha'i Hamed bin Haydara, aliyekamatwa Desemba 2013, alihukumiwa kifo na mahakama ya Sanaa chini ya Wahouthi Januari 2018. Rufaa yake ilikataliwa Machi 22, 2020. Siku tatu baadaye mkuu wa baraza la kisiasa la Wahouthi, Mahdi al-Mashat, akatangaza msamaha, na Julai 30 mwaka huo Wabaha'i sita walitoka gerezani na kupelekwa nje ya nchi. Wahouthi wakati huo walikuwa katika mazungumzo na Umoja wa Mataifa na walihitaji kukubalika. Walioachiwa walilipa kwa kuihama nchi yao, jambo linalofanya ushindi huo uwe nusu.

Kwa kipimo hicho, Afrika Mashariki si mtazamaji wa mbali. Februari 2009, wakati mwendesha mashtaka wa Tehran akitangaza kwamba jalada la viongozi saba linapelekwa mahakamani, Rais Mahmoud Ahmadinejad alikuwa akijiandaa kwa ziara ya Nairobi, ambako alipokewa Februari 24 kwa mazungumzo ya mafuta, biashara na usafiri wa anga. Aprili 23, 2010, siku 11 baada ya kikao kimoja cha kesi hiyo, alitua Uganda. Julai 2023, wakati Sabet na Kamalabadi wakiwa wametimiza karibu mwaka mmoja gerezani kwa mara ya pili, Rais Ebrahim Raisi alizuru Kenya, Uganda na Zimbabwe. Iran, iliyobanwa na vikwazo, imekuwa ikitafuta soko na marafiki barani Afrika, na Kenya imekuwa ikiiuzia chai.

Katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, hata hivyo, nchi nyingi za Afrika zimezoea kujizuia linapokuja azimio la kila mwaka kuhusu haki za binadamu nchini Iran. Hoja yao si ya kubezwa moja kwa moja. Nchi zisizofungamana na upande wowote zimekuwa zikilalamika kwamba maazimio yanayolenga nchi moja moja hutumiwa na wakubwa kuwapiga maadui zao huku marafiki wao wakiachwa, na katika dunia ya baada ya Iraq na Gaza hoja hiyo ina wasikilizaji wengi. Wapo pia wanaosema kwamba taifa changa halina sababu ya kugombana na mnunuzi wa mazao yake kwa ajili ya watu lisiowajua.

Lakini Uganda yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba hofu hiyo imekuzwa. Juni 9, 2010, wiki saba baada ya kumkaribisha Ahmadinejad na ikiwa mjumbe wa Baraza la Usalama, iliunga mkono azimio namba 1929 la vikwazo vya nyuklia dhidi ya Iran. Uhusiano haukuvunjika, wala balozi hazikufungwa. Raisi alifika Kampala miaka 13 baadaye na kupokewa kwa heshima zote.

Na bara hili linajua vizuri kesi isiyo ya haki ni kitu gani. Kule Kapenguria mwaka 1952 na 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa na jaji Ransley Thacker, ambaye baadaye ilifahamika kwamba alilipwa kwa siri pauni 20,000. Jawaharlal Nehru wa India alimtuma mwanasheria Chaman Lall kusaidia utetezi, ulioongozwa na Mwingereza D.N. Pritt. Watu hao hawakuwa na maslahi yoyote Kenya. Oktoba 11, 1963, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka kesi ya Rivonia dhidi ya Nelson Mandela na wenzake isimamishwe, kwa kura 106 dhidi ya moja tu, ya Afrika Kusini. Makaburu nao walisema hilo ni suala la ndani, na kwamba washitakiwa ni maadui wa dola wanaotumwa na wageni. Waliotarajia kitanzi walipata kifungo cha maisha, na wakaishi hadi kuiona siku yao.

Hakuna anayedai kwamba balozi wa Tanzania au Kenya akinong'ona neno Tehran, milango ya Evin itafunguka kesho yake. Tangu vita vya siku 12 kati ya Israel na Iran vya Juni 2025, neno ujasusi limekuwa zito zaidi nchini humo, na wito wowote wenye harufu ya Marekani au Israel unaweza kumdhuru mfungwa leo kama ulivyoweza mwaka 1983. Kwa sababu hiyo hiyo, neno la rafiki lina nafasi ambayo la hasimu halina. Tena si lazima liwe la kulaani. Rafiki anaweza kuomba nakala ya hukumu, akaomba ofisa wa ubalozi wake aruhusiwe kuketi mahakamani kama ibara ya 165 inavyotaka, au akauliza kwa nini wakili wa mtu huchaguliwa kutoka orodha ya serikali. Hayo huulizwa chumbani, bila kamera, na gharama yake kibiashara ni ndogo.

Vyuo vikuu navyo vimepata njia yao. Badala ya kuishia kwenye matamko, baadhi ya vyuo vya Ulaya, Amerika na kwingineko vimekuwa vikiwapokea kwa masomo ya juu wahitimu wa chuo kile cha Wabaha'i kisichotambuliwa na serikali yao. Kwa kijana aliyefukuzwa kwa sababu ya dini ya wazazi wake, barua ya kukubaliwa ina uzito kuliko tamko lolote.

Umoja wa Mataifa huamua juu ya azimio la Iran mara mbili kila mwaka, kwanza katika Kamati ya Tatu mwezi Novemba, kisha katika Baraza Kuu mwezi Desemba. Tehran ina balozi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na maofisa wake hufuatilia kwa makini ni nani amepiga kura ipi.

Jamaloddin Khanjani, mwenye kiwanda cha matofali, alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote katika wale saba. Alimaliza miaka yake 10 na kutoka Machi 2018. Mke wake alifariki akiwa yeye gerezani, na hakuruhusiwa kwenda kumzika. Agosti 13, 2023, mwezi mmoja baada ya Rais Raisi kuondoka Nairobi na Kampala, maofisa wa usalama walimfuata tena Khanjani nyumbani kwake, wakamchukua pamoja na binti yake. Alikuwa na umri wa miaka 90.